Aliyebaki Mlangoni

Jana usiku nimeimaliza tena riwaya ya James Joyce ya mwaka 1916, A Portrait of the Artist as a Young Man, ile inayomfuata Stephen Dedalus tangu akiwa mtoto mdogo hadi anapoamua kuondoka Dublin. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa na miaka 19, na nilichobaki nacho miaka yote hii ni mwisho wake. Kijana amekwisha kuacha dini, amekwisha kubishana na kila aliyemzunguka, sasa anakwenda zake kuwa msanii. Kitabu kizima kinamwita "yeye", kisha katika kurasa za mwisho anashika kalamu mwenyewe, anaandika shajara na kusema "mimi". Nakumbuka nilikifunga moyo ukinidunda. Niliamini hivyo ndivyo mtu anavyokua: anaondoka, basi.

Jana nimekwama kwenye tarehe 26 Aprili, siku moja kabla ya ile ya mwisho. Stephen anaandika kwamba mama yake anampangia nguo, mpya lakini za mtumba. Anaandika pia kwamba mama anaomba mwanawe ajifunze, huko mbali na nyumbani na marafiki, moyo ni nini na unahisi nini. Maneno machache tu, halafu kijana anarudi kwenye makubwa yake. Niliyasoma mara nne. Mtu angeniuliza wiki iliyopita, ningeapa kwamba mama hayumo kwenye ukurasa ule.

Basi nimelala nikizipitia kichwani riwaya za kukua nilizozipenda, safari hii nikiwatafuta waliobaki nyumbani.

Ile ya Camara Laye, L'Enfant noir, ya mwaka 1953, huisha ndani ya ndege. Kijana wa Guinea anakwenda Ufaransa kusoma, machozi yanamtoka, kisha mkono wake unagusa kitu kigumu mfukoni: ramani ya metro ya Paris. Ni mwisho ninaouhusudu. Ramani inamwonyesha njia zote za mji asioujua, na haina hata mstari mmoja wa kumrudisha kwao. Lakini kurasa chache nyuma yupo mama aliyekataa. Baba ameshapokea habari ya safari na kujikaza; mama hajikazi. Anawaka, anawalaumu wote wanaomnyang'anya mwanawe kidogo kidogo, kwanza kwa shule ya mbali, sasa kwa nchi ya mbali. Kisha anamkumbatia. Zamani nilimwona anamchelewesha kijana. Sasa namwona kuwa ndiye pekee katika nyumba ile aliyesema waziwazi nini kinaendelea.

Watu wanaojadili mwisho wa Great Expectations hubishana juu ya Estella, msichana anayependwa na Pip, kijana anayesimulia hadithi. Charles Dickens aliandika kwanza mwisho ambapo Pip na Estella wanakutana kidogo tu njiani na kuachana. Rafiki yake Edward Bulwer-Lytton akamshauri aubadilishe, na kitabu kilichotoka mwaka 1861 kikafungwa kwa wawili hao kushikana mikono. Mimi nauchagua ule wa kwanza, lakini siku hizi mzozo huo haunigusi sana. Kwangu hadithi inaisha kabla ya hapo, jikoni kwa Joe, mhunzi aliyemlea Pip. Pip anarudi baada ya miaka mingi ughaibuni, anaingia kimya jioni, na pale karibu na moto, juu ya kigoda chake mwenyewe cha utotoni, amekaa mtoto mdogo. Ni mtoto wa Joe na Biddy. Wamempa jina Pip.

Sijui mwisho mwingine wa utoto ulio wazi kiasi hicho. Nafasi yako imejazwa, tena kwa upendo, tena kwa jina lako, na huwezi kulalamika. Na Joe! Wahenga walisema ukubwa jaa, na mwanamume huyu alipokea takataka zote: kuonewa aibu na mtoto aliyemlea, kuachwa bila barua, kulipa madeni ya kijana huyohuyo na kuondoka alfajiri bila kudai shukrani. Tunasoma kitabu kizima tukimsubiri Pip awe mtu mzima, na mtu mzima yupo tangu sura za kwanza, ameshika nyundo.

Mwisho wa Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1964, unanisumbua kwa namna nyingine. Njoroge amepoteza shule, baba na mpenzi. Anakwenda gizani na kamba. Sauti ya mama inamwita. Anarudi naye, na nyumbani anakimbilia mlango kuwafungulia mama zake wawili. Moyoni anajiona mwoga. Nilipokuwa shule nilikubaliana naye, na ninaona uchungu kulikumbuka hilo. Kijana amefungua mlango ili wengine waingie, na mimi nilitaka ushujaa gani zaidi?

Rosa, katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), hakupata hata hicho. Baba alimchunga kwa kipigo, dunia ikamchezea, na anajiua akiwa bado kijana. Hapo siwezi kukaa muda mrefu.

Asubuhi nimelitoa daftari langu la zamani, lile la mwaka nilioondoka nyumbani. Usiku wa mwisho nimeandika kurasa tatu. Uhuru umo, mustakabali umo, hata Stephen Dedalus yumo. Pembeni kuna mstari mmoja: "Begi halifungi. Nimetoa sweta." Mama hayumo, ingawa begi lile alilipanga yeye.

Nikampigia simu. Baada ya shikamoo na habari za afya nikamuuliza alifanya nini siku ile nilipoondoka. Akanyamaza kidogo.

"Nilirudi ndani, mwanangu. Nikaikuta sweta kitandani. Nikaikunja, halafu nikaikunjua nikaivaa."

Nikamuuliza kama kulikuwa na baridi.

"Hapana," akasema.