Farasi wa Riverside Drive

Leo nimepita tena kwenye mnara wa askari wa zimamoto, pale Riverside Drive na Mtaa wa 100, Manhattan. Wageni wangu kutoka nyumbani hutaka kupelekwa yalikoanguka majengo pacha, na siwalaumu: askari 343 wa zimamoto kufa siku moja si jambo dogo. Huu wa huku juu hawaujui. Ulizinduliwa mwaka 1913. Wazo lilitoka kwa Askofu Henry Potter, baada ya naibu mkuu wa zimamoto, Charles Kruger, kufa kwenye moto wa Canal Street mwaka 1908. Askofu naye alifariki mwaka huohuo, hakuuona.

Nimepitisha kidole kwenye marumaru. Inakwaruza kama sukari, na unga mweupe ukabaki kidoleni. Marumaru haipatani na jiji: moshi ukichanganyika na mvua huwa tindikali, na tindikali hulila jiwe hilo taratibu. Ndiyo maana mchongo mkubwa wa mbele, farasi wakikimbia na gari la zimamoto, si wa jiwe tena. Wa awali uliharibika, na miaka ya 1950 ukawekwa wa shaba. Shingo zimenyooshwa mbele, kwato haziko chini, unaona kabisa kwamba kuna nyumba inaungua mahali.

Wapo wanaosema ukibadilisha jiwe umeua kazi ya fundi. Kwa mchongo huu siwaafiki. Farasi asiye na uso anamuenzi nani? Ila sanamu mbili za pembeni, Wajibu na Kujitoa Mhanga, ningependa zizibwe nyufa tu, zibaki na makovu yake. Ukarabati uliokamilika mwaka 1992 uligharimu dola milioni 2, na mvua haijaacha kunyesha tangu hapo.

Halafu kuna bamba la farasi wenyewe, la mwaka 1927, miaka mitano baada ya farasi wa mwisho wa zimamoto kustaafishwa. Limelazwa kwenye sakafu ya uwanja, watu wanalikanyaga wakipiga picha. Kijana mmoja alikuwa ameweka kahawa yake juu yake. Nimemwomba aiondoe; akaiondoa, akainama kusoma.

Ibada ya kuwakumbuka askari hufanyika hapo kila Oktoba. Mwaka huu nitaomba ruhusa kazini mapema.