Injini Mpya, Kitanda cha Zamani

Leo maji ni mafu, siku nzuri ya kupanga shafti, yaani kuiweka mstari mmoja na injini mpya ya mashua. Mkondo hauna nguvu na mashua inaelea kutwa nzima gatini bila kugusa mchanga. Kazi za chini, kama kuchomoa shafti ya zamani na kubadilisha propela, zilistahili kumalizwa wiki iliyopita wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Anayegeuza ratiba hii atajikuta anapima flanji, zile sahani mbili zinazounganisha shafti na giaboksi, huku mashua imeegemea ubavu. Vipimo hivyo ni bure. Mbao zikikaa mchangani hujikunja, zikielea hurudi umbo lake.

Mazungumzo ya gatini ni nguvu za farasi tu: palipokuwa na 20 wekeni 40. Sina ugomvi na farasi. Mashua yenye mita 9 kwenye mstari wa maji itaishia karibu noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa, hata ukiipa injini ya lori, lakini kusi ikivuma na mzigo wa saruji ukiwa ndani, nguvu ya ziada ina kazi yake. Ugomvi wangu ni pale injini inaponunuliwa, ikashushwa juu ya kitanda kilekile, yaani boriti za kuilaza, halafu mtu akaanza kuuliza habari za mauntini, zile raba nne zinazoibeba.

Mauntini hubeba vitu vitatu, na wengi huhesabu kimoja. Cha kwanza ni uzito. Tuseme injini pamoja na giaboksi ni kilo 220, na kati ya mauntini za mbele na za nyuma pana sentimita 60. Ining'inize kwa mnyororo mmoja, uusogeze mpaka injini ikae sawa. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Kikiwa sentimita 35 kutoka mauntini za mbele, za nyuma zinabeba kilo 128, yaani 64 kila moja, na za mbele 46 kila moja. Kwa hiyo kununua nne za ugumu mmoja kwa kugawa 220 kwa 4 ni kubahatisha. Za mbele zitakuwa ngumu mno na zitapitisha mtetemo, za nyuma zitalala.

Cha pili ni msokoto. Farasi 40 ni kama kilowati 30. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, injini inatoa nyutoni-mita 95 hivi, na giaboksi ya mbili kwa moja inazifanya 191. Shafti inapozungushwa huku, injini inataka kupinduka kule. Mauntini za kushoto na kulia zikiwa zimeachana sentimita 40, upande mmoja unakandamizwa kama kilo 48 zaidi na wa pili unainuliwa vivyo hivyo. Gawa kwa mbili: ile ya nyuma iliyokuwa na 64 sasa ina karibu 88, na mwenzake amebaki na 40.

Cha tatu ndicho kinachosahauliwa kabisa. Propela haisukumi mashua moja kwa moja. Inasukuma shafti, shafti inasukuma giaboksi, na kama hakuna beringi ya kupokea msukumo huo njiani, mauntini ndizo zinazoupeleka kwenye kitanda. Ndiyo maana raba za pikapu, ingawa bei yake inavutia, hazifai hapa. Msukumo wa gari haupiti kwenye raba za injini yake. Raba zile zitakatika kwa kuvutwa mbele na nyuma kila unapobadilisha gia. Za mashua hutengenezwa zikiwa laini kwenda juu na chini, na ngumu kwenda mbele na nyuma.

Sasa kitanda. Kabla injini haijaingia, pitisha mshipi wa nailoni katikati ya bomba la shafti, uukaze mpaka mbele ya chumba cha injini. Huo ndio mstari wa shafti. Pima kutoka mshipini kushuka hadi kitandani mahali pa kila mauntini, ulinganishe na umbali wa kati ya kitovu cha flanji ya giaboksi na miguu ya injini mpya. Giaboksi nyingine hutoka chini ya mstari wa kreki, shafti ya ndani ya injini, kwa hiyo usipime kwenye puli ya mbele. Angalia pia kama sampu, karai la oili chini ya injini, itagonga mataruma, zile mbavu za mashua. Kugundua haya kwa kamba ni nusu siku. Kuyagundua injini ikiwa imening'inia ni wiki.

Mara nyingi miguu ya injini kubwa ni mipana kuliko kitanda. Njia ya mkato ni kuchomelea braketi ndefu zichomoze nje. Braketi ndefu ni wenzo: inakunja kichwa cha boriti na kung'oa bolti. Afadhali kuongeza boriti ya pili ya mbambakofi ubavuni mwa ile ya zamani, ndefu ya kulalia mataruma manne au zaidi, kisha zifungwe pamoja kwa bolti za kupita. Juu yake laza engo ya chuma ya milimita 75 kwa 75, unene 8, ifungwe kwa bolti za M12, yaani za unene wa milimita 12, zinazopita boriti kwa ubavu, si skrubu zinazoshuka kutoka juu. Mti uliokunywa dizeli miaka mingi haushiki skrubu. Tundu za zamani zizibwe kwa vigingi na epoksi.

Kimo cha kitanda kikipungua, ongeza bamba la chuma chini ya mauntini. Mti laini hubonyea. Nati ya kurekebisha kimo cha mauntini isipande mbali: ikipita kimo kinacholingana na unene wa skrubu yake, ishushe, uongeze bamba.

Injini ikishakaa, iache siku mbili raba zizame. Mashua ielee, tangi lijae. Inua shafti kidogo, maana ikining'inia hulala. Panga vitovu vya flanji kwanza, kisha pembe. Ingiza fila gaji, vile vibamba vyembamba vya kupimia pengo, kati ya flanji mbili: juu, chini, kushoto, kulia. Kwa flanji ya milimita 100, tofauti isizidi 0.1. Kisha zungusha flanji ya shafti robo na upime tena. Pengo likihama pamoja nayo, kosa liko kwenye shafti au flanji, na hata ukigeuza nati mpaka jioni hutaliondoa. Shafti yenyewe nayo usiisahau: kutoka milimita 25 kwenda 30 kunaongeza uwezo wa kuhimili msokoto kwa zaidi ya asilimia 70.

Saa 25 za kwanza zikipita, tuseme baada ya safari kadhaa za Kizingitini kule Pate, ingia na tochi. Futa engo kwa kitambaa cheupe chini ya kila mauntini. Vumbi jeusi chini ya moja tu, mara nyingi ya nyuma, maana yake raba inasuguliwa: fungua kaplingi, yaani flanji mbili zilizofungwa pamoja, upime upya. Raba iliyovimba na kunata imeonja dizeli. Tafuta bomba linalovuja kabla hujanunua nyingine.