Masanduku ya Concetta

Jumapili, usiku. Nimemaliza tena *Il Gattopardo*, riwaya ya Giuseppe Tomasi di Lampedusa. Safari hii nimeifunga nikiwa na hasira na mtu ambaye mara ya kwanza nilimpenda kupita kiasi.

Mtu mwenyewe ni Don Fabrizio Corbera, principe wa Salina, kule Sicilia. Kiswahili cha vitabuni kingemwita mwanamfalme, lakini hakuna mfalme aliyemzaa. Kwetu Pwani angeitwa mwinyi, na mambo yake yote ni ya kimwinyi: mashamba yenye wasimamizi wanaomwibia mchana kweupe, na yeye yuko juu na darubini yake anatazama nyota. Ni pande la mtu, nywele za kimanjano alizorithi kwa mama Mjerumani. Akikasirika mezani hukunja uma na vijiko kwa vidole, mpaka vipelekwe kwa sonara vikanyooshwe. Mara ya kwanza nilicheka sana hapo. Safari hii nikawatazama watoto waliokaa kwenye meza hiyohiyo.

Wako saba. Mrithi, Paolo, akili yake iko kwa farasi. Giovanni alitoroka nyumbani akaenda London, akaona afadhali awe karani mdogo kwenye kampuni ya makaa ya mawe kuliko kuishi chini ya dari zilizochorwa miungu. Mama yao, Maria Stella, ni mtu wa sala na machozi. Tunawakuta Mei 1860, mwezi ambao Garibaldi, jenerali wa mapinduzi ya kuiunganisha Italia, anashuka Marsala, bandari ya Sicilia, na watu wake: jioni familia nzima inasali rozari, na usiku huohuo mzee anapanda gari la farasi kwenda Palermo kwa mwanamke wake. Na humo garini kampakia padri wa nyumbani, Padre Pirrone! Njiani anajitetea mwenyewe moyoni kwamba amezaa na mkewe watoto saba na kitovu chake hajawahi kukiona. Nakiri bado nacheka.

Anayempenda kwa dhati si yeyote kati ya wale saba, bali mpwa wake Tancredi, yatima aliyeachiwa jina na madeni. Kijana anajiunga na wanamapinduzi, na akija kuaga anatoa ile sentensi ya kubadili kila kitu ili kila kitu kibaki kilivyo, ambayo kila mwandishi wa makala za siasa ameichosha. Mimi shida yangu ni Concetta, binti wa mzee, anayempenda Tancredi na kumtuma padri akamwambie baba. Baba anapiga hesabu. Mali ya Salina inapungua, na ikigawanywa kwa saba haitabaki ya kumfikisha kijana mbali. Kule Donnafugata, mji wa bara ambako familia huenda kila mwaka, kuna meya, Don Calogero Sedara, aliyekusanya ardhi na fedha wakati wenye vyeo wamelala, na ana binti mmoja tu, Angelica, mzuri wa kunyamazisha watu sebuleni. Basi mzee mwenyewe, baba wa Concetta, ndiye anayeposa kwa niaba ya Tancredi.

Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikaenda kupika chai.

Nadhani Lampedusa aliweza kuandika haya kwa sababu yalikuwa yake. Naye alikuwa principe, wa mwisho katika ukoo wake, na jumba lao la Palermo liliharibiwa kwa mabomu ya Wamarekani mwaka 1943. Alifariki Julai 1957, wachapishaji wakiwa wameukataa muswada wake. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Anajua kilichomo katika kila chumba.

Chumba cha Concetta tunakiona mwaka 1910. Ni bikizee sasa, anaishi na dada zake wawili, nao hawakuolewa, katika nyumba iliyojaa masalia ya watakatifu waliyoyanunua kwa bei kubwa. Kanisa linapotuma mtaalamu kuyakagua, anapata ya kweli matano tu. Chumbani kwake kuna masanduku manne makubwa ya mbao. Ndani zimo nguo za kulalia, mashuka na foronya, vyote vya harusi yake, vilivyokusanywa miaka 50 nyuma. Hayafunguliwi. Kwa unyevu wa Palermo nguo zinageuka manjano na kuoza humohumo.

Marehemu shangazi yangu alikuwa na sanduku la njumu mvunguni, na sisi watoto tulikatazwa hata kulikalia. Siku alipolifungua mwenyewe, alitoa doti moja baada ya nyingine akizikung'uta. "Zimeoza kwenye mikunjo tu, mwanangu," aliniambia, "katikati ni nzima." Akanikatia leso za kufutia vyombo. Sikumuuliza zilikuwa za nini, na yeye hakusema.

Concetta hakupata siku ya namna hiyo. Alichopata ni mgeni, seneta mzee aliyekuwa rafiki wa Tancredi, anayemsimulia kitu kwa wema kabisa. Zamani, kwenye chakula kule Donnafugata, Tancredi alitoa kisa kichafu cha kuvamia nyumba ya watawa wakati wa vita. Concetta alikasirika, akamkaripia, akampa kisogo. Seneta anasema kisa kile kilikuwa cha kutunga. Tancredi mwenyewe alimkiria. Nusu karne Concetta amemlaumu baba yake, na kumbe siku ile ulimi wake mwenyewe ulikuwa umeshaufunga mlango. Nimeusoma ukurasa ule mara tatu na bado siwezi kumsamehe mzee. Labda sitaki tu.

Pembeni chumbani yupo Bendicò, mbwa wa baba yake, aliyekufa miaka 45 nyuma na kukaushwa. Concetta anamtazama, ngozi iliyoliwa na nondo, na anaamuru atupwe. Anarushwa dirishani, anaangukia uani kwenye kona ya taka. Kitabu kinaishia hapo. Kuhusu masanduku yale manne hakisemi kitu.