Mieleka ya Marekani enzi za mapromota wa maeneo: ninavyoitazama upya

Ukitaka kutazama upya mieleka ya kulipwa ya Marekani, ile ya kabla WWF, kampuni ya mieleka inayoitwa WWE leo, haijaimeza nchi nzima, usianze na pambano kubwa. Mimi huanza na vipindi vya televisheni vya wiki sita zilizolitangulia. Tangu 1948, mapromota walipoungana chini ya NWA (National Wrestling Alliance), muungano wao, kila mmoja alikuwa na eneo lake na saa yake kwenye kituo cha televisheni cha mji wake. Kazi ya kipindi ilikuwa kuuza tiketi za ukumbini. Ukiliona pambano la ukumbini bila kipindi, unaona watu wawili wanapigana bila kujua wanagombea nini.

Kwa anayeanza, nachagua eneo la Memphis, Tennessee. Kipindi kilirushwa moja kwa moja Jumamosi asubuhi kutoka studio za WMC, chaneli ya 5, dakika 90, kikitangazwa na Lance Russell na Dave Brown, ambaye pia alikuwa mtu wa hali ya hewa wa kituo hichohicho. Jumatatu usiku watu walienda ukumbi wa Mid-South Coliseum. Mzunguko huo mfupi unafuatika vizuri: chokochoko Jumamosi, kipigo Jumatatu, na Jumamosi ya pili unaonyeshwa vipande vya kipigo pamoja na sababu ya kurudiana.

Wiki sita ni saa tisa za kutazama. Nakaa na daftari, naandika mambo matatu tu: nani kahojiwa na kamtaja nani, nani kaumizwa kiungo gani, na kanuni gani imetajwa. Yale mapambano mafupi ambamo mtu mashuhuri anamchakaza asiyejulikana usiyaruke. Humo ndimo watazamaji walifundishwa kuliogopa pigo lake la kumalizia.

Kanuni ndizo zinazowapoteza wengi. Aprili 5, 1982, Jerry Lawler alipambana na mchekeshaji Andy Kaufman. Lawler, staringi wa mji, anamgeuza Kaufman kichwa chini miguu juu na kuketi naye chini, kichwa kinaugonga mkeka. Pigo hilo, pailidraiva, lilikuwa marufuku Memphis, hivyo ushindi anapewa Kaufman. Huku ukumbi unashangilia! Asiyejua marufuku ile ataona watu wanafurahia kushindwa kwa mtu wao. Walichokuwa wakikingoja ni adui huyo adondoshwe vile, hata kama gharama yake ni ushindi. Vilevile, kwa kanuni za NWA kumrusha mpinzani nje kwa kupitia juu ya kamba ya juu ni kosa la kuondolewa, na mkanda wa ubingwa haubadiliki mikono kwa kuondolewa. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini bingwa aliyebanwa huanza kutafuta kosa.

Kisha inakuja shida ya nakala. Kanda za vituo zilikuwa ghali, nyingi zilifutwa na kurekodiwa juu yake. Mengi tuliyonayo yametoka kwenye VHS zilizonakiliwa nyumba kwa nyumba. Kila unakili ulipunguza kitu: kwenye nakala ya tatu au ya nne rangi nyekundu inavuja nje ya mipaka yake na sehemu ya juu ya picha inapinda. Ili kujua kama pambano limekatwa, sikiliza mtangazaji wa ulingoni anapotaja muda uliopita. Akisema dakika kumi na saa yako inasema sita, dakika nne zimenyofolewa.

Tarehe nazo usiziamini haraka. Katika maeneo mengi kanda moja ilizungushwa kituo hadi kituo, hivyo kipindi kilekile kilionekana mji huu wiki hii na mji ule wiki nyingine. Sikiliza mahojiano: ukumbi na siku vinavyotajwa ndivyo vitakavyokuambia nakala hiyo ilikuwa ya mji gani.

Picha nayo inahitaji mkono. Kanda hizi ni za NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani, wenye nusu-picha takriban 60 kwa sekunde. Zikigeuzwa kuwa PAL, mfumo wa televisheni za kwetu Afrika Mashariki enzi za analojia, mwendo unakuwa wa kushtukashtuka, kwa hiyo natafuta faili ambalo halijageuzwa. Mkono ukirushwa ukaonekana na mistari kama meno ya kitana, fungua faili kwa VLC, programu ya kuchezea video, washa kiondoa mistari na uchague Yadif (2x). Uwiano wa picha uache 4:3. Ukiivuta ijaze kioo, kila mtu anakuwa mnene.

Baada ya hapo ndipo natazama pambano la Tupelo, Mississippi, mji wa eneo hilohilo la Memphis, Juni 15, 1979. Lawler na Bill Dundee wamenyang'anywa mikanda ya timu na Wayne Farris na Larry Latham, kengele imelia, lakini ngumi zimehamia kwenye kibanda cha vyakula. Mitungi ya haradali inaruka. Sauti ya Russell ndiyo inayoibeba kanda hii: hachekeshi, hapambi, anaeleza anachokiona kama mtu aliyefika kwenye ajali. Naitazama mara mbili, ya pili bila picha.

Nikimaliza Memphis nakwenda Dallas, Desemba 25, 1982, Reunion Arena: Ric Flair, bingwa wa NWA, na Kerry Von Erich, kipenzi cha mji, ndani ya kizimba, Michael Hayes akiwa refa maalumu. Terry Gordy, mwenzake Hayes, anambamizia Kerry mlango wa chuma kichwani, na hapo ukazaliwa uhasama kati ya akina Von Erich na kundi la Hayes na Gordy, ulioliendesha eneo hilo kwa miaka. Nakala nyingi zinaanzia kizimbani. Wewe anza na pambano la timu za watu watatu la usiku uleule, ambapo David Von Erich, ndugu yake Kerry, alisimama upande mmoja na Hayes na Gordy, wakatwaa mikanda pamoja.