"Katibu, leo sina rejesho"

Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, huku Mbagala, na sidhani kama kuna neno ninaloliandika zaidi ya "marejesho". Daftari letu lina safu ya hisa na safu ya mfuko wa jamii, lakini hiyo ya marejesho ndiyo inayowafanya watu waanze kukohoa.

Juzi mwanachama mgeni akauliza kwa nini hatusemi "marudisho". Swali zuri. Ukiazima sufuria yangu, unairudisha: ileile, na masizi yake. Mwenye duka anarudisha chenji. Lakini laki mbili za mkopo hazikai kwenye mkoba zikingoja Jumamosi. Zimeshageuka unga, mafuta na mkaa wa mama ntilie, na zinazoingia kwenye sanduku la kufuli tatu ni noti nyingine kabisa, tena na riba juu. Hapo ndipo tunaposema kurejesha: palipopungua panajazwa. Umeme nao hurejeshwa ukikatika, na amani baada ya ghasia.

Mwalimu mstaafu tuliye naye akanibana: mbona wagombea "huchukua na kurejesha fomu", na karatasi ni ileile? Nikamwambia, mama, hairudi ileile. Ilitoka tupu, inarudi imejazwa, na wadhamini juu. Akacheka, ila hakukubali. Na ana haki yake, maana mtaani watu husema "rudisha hela za watu" na kila mtu anaelewa, hasa mkusanyaji wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, akiwa mlangoni asubuhi.

Rudi na rejea, yote mawili tumeyapata kwenye Kiarabu, kila moja na mzizi wake. Rejea limezoea mambo ya sheria. Kwenye talaka rejea, mume anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, bila kufunga ndoa upya. Sijamsikia shehe akisema "talaka rudi". Rudi lenyewe lina mambo yake: kitenge kikifuliwa kikawa kifupi tunasema kimerudi, na wazee wetu walikuwa wanamrudi mtoto mtundu, yaani wanamwadhibu.

Tunao wadaiwa sugu wawili watatu ambao, kama katiba ya kikundi ingeruhusu, ningewarudi kwanza ndipo warejeshe.