Nilivyoanza kuwaandikia barua pepe wateja wa studio yangu Sinza

Studio yangu ni chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam: taa mbili, vitambaa vya nyuma na kiti cha mninga ambacho watoto hugombea kukalia. Napiga picha za watu tu. Watoto waliotimiza mwaka, familia, wahitimu, watu wanaotaka picha ya CV. Harusi nimewaachia wenzangu wenye nguvu za kukesha. Shida ya kazi hii ni kwamba mteja, hata akiridhika vipi, hana sababu ya kurudi wiki ijayo. Anarudi baada ya mwaka, akikumbuka. Asipokumbuka, atapigwa picha na kijana yeyote mwenye kamera atakayemkuta siku hiyo.

Status ya WhatsApp nilikuwa naweka kila siku. Lakini ile inakaa saa 24 tu, na haioni mtu ambaye hajaiweka namba yako kwenye simu yake. Instagram nayo inaniletea watu wanaouliza "bei?" kisha wanapotea kabisa. Sizidharau, bado ninazitumia. Ila hakuna hata moja inayonikutanisha na mama aliyenilipa mwaka jana na ambaye mtoto wake sasa anaingia darasa la kwanza.

Barua pepe zilianza kwa sababu nyingine kabisa: kukabidhi picha. WhatsApp inaibana picha ili isafiri kirahisi. Mteja anaipeleka hiyohiyo Kariakoo kusafishwa kwa fremu kubwa ya sebuleni, inatoka ina ukungu, na lawama zinarudi kwangu. Nikaamua albamu zote ziende kwa barua pepe, ndani yake kuna linki ya kupakua picha zikiwa na ubora wake wote. Kwa hiyo kila mteja akaanza kuniachia anwani bila kusukumwa, maana anataka picha zake.

Hapo ndipo ninapouliza swali la pili, tena peke yake: "Naweza kukuandikia mara moja kwa mwezi kuhusu studio?" Akisema hapana, picha zake anapata kama kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka mtu ajue taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Anwani aliyonipa nimtumie picha za mwanawe haigeuki kuwa ya matangazo kwa sababu tu iko kwenye daftari langu. Na nikitaka kuweka picha ya mtoto kwenye barua itakayosomwa na wengine, mzazi anasaini kwanza. Kila barua ina linki ya kujiondoa, na anayejiondoa simfuati kumuuliza kulikoni.

Anwani siandiki mimi. Nampa mteja simu aandike mwenyewe, kisha natuma barua fupi ya salamu papo hapo tuione ikiingia. Mwandiko wa mkono kwenye daftari ulinitesa: herufi ya l na namba 1 ni mapacha, na "gmail.con" ziko nyingi kuliko unavyodhani. (Unajua umri wa mtu kwa anwani yake, hilo nimeligundua. Wakubwa wangu wengi wako Yahoo mpaka leo.)

Sasa suala la majina. Programu za kutuma barua zimetengenezwa na watu wanaoitana majina ya kwanza. Zinakupa alama ya kuchomeka jina, barua inaanza "Habari Rehema". Huyo Rehema ana umri wa mama yangu, na akiingia studio namwamkia shikamoo! Nimeongeza safu kwenye jedwali langu, nimeiita "namwitaje". Humo kuna Mama Junior, Dada Neema, Babu, Mwalimu, Mchungaji. Wakubwa wako kundi lao, na barua yao inaanza na shikamoo. Kuijaza safu hiyo ni kazi ya mkono, na ndiyo kazi iliyonilipa kuliko zote. Watu walianza kujibu. "Marahaba mwanangu, huyu mjukuu nitamleta lini?" Hakuna tangazo linalojibiwa hivyo.

Upande wa mitambo nitapita haraka. Gmail ya bure inakuruhusu kutuma kwa watu 500 kwa siku, na ukiweka anwani za wote mahali ambapo kila mtu anaziona, umewaanika wateja wako. Nilinunua domeni ya .co.tz, yaani jina langu mwenyewe la mtandaoni, nikajiunga na huduma ya kutuma barua kwa wingi, na fundi aliyeniwekea domeni akaongeza rekodi zinazoitwa SPF na DKIM. Hizo ni kama muhuri: zinaonyesha kwamba barua imetoka kweli kwenye domeni yako. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti hayo, na barua isiyo na rekodi hizo ina hatari ya kuishia kwenye spamu au kurudishwa.

Picha ninaweka moja tu. Faili la kamera lina megabaiti kadhaa, nalipunguza hadi upana wa pikseli 1,200 ili lisimmalizie mtu bando. Na maneno siyaandiki ndani ya picha kama bango. Kuna kompyuta za maofisini ambazo hazifungui picha hadi mwenyewe aruhusu, na wateja wangu wengi husoma barua wakiwa kazini Posta au Mikocheni. Bango lisipofunguka, ameona boksi jeupe.

Ndani ninaandika kitu ambacho mtu angeniuliza ana kwa ana. Barua iliyojibiwa kuliko nyingine ilihusu saa ya kupiga picha Coco Beach. Ufukwe ule unatazama mashariki. Asubuhi jua linachomoza baharini, kwa hiyo ukimsimamisha mtu bahari ikiwa nyuma yake, uso unakuwa giza. Kuanzia saa 10 jioni jua limeshahamia upande wa nchi kavu, linampiga usoni, na likikaribia saa 12 linalainika na ngozi inang'aa vizuri. Basi. Hakukuwa na ofa wala bei, na mwishoni niliandika: "Ukitaka jioni moja ya mwezi huu, jibu barua hii." Nyingine ilihusu familia nzima kushona kitenge kimoja chenye maua makubwa, na kwa nini nyuso zinapotea humo. Vichwa vya barua naviweka vya kawaida. "OFA OFA OFA" nawaachia wauza sofa.

Wakati wa kutuma una uzito wake. Karibu na mshahara, kuanzia tarehe 23 hivi, mtu anasoma akiwa na uwezo wa kuamua. Katikati ya mwezi anasoma na kusikitika. Barua ya Idi inatoka Ramadhani ikiwa bado mbichi, kwa sababu siku tatu za mwisho kila mtu yuko kwa fundi nguo. Ya wahitimu wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inatangulia mahafali ya Novemba. Desemba natuma mapema au situmi kabisa, maana nusu ya wateja wangu wanapanda mabasi kwenda Moshi na Bukoba. Masika nawaandikia kuhusu picha za ndani tu. Kumwalika mtu ufukweni mwezi wa nne ni kumkaribisha kwenye tope.

Wengi huniuliza ni asilimia ngapi wanaofungua. Namba hiyo siiangalii sana. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuzipakua picha za barua yenyewe hata kama mwenye simu hajasoma, na kwenye ripoti inaonekana amefungua. Ninahesabu waliojibu na waliokuja. Nao ni wateja wa zamani karibu wote. Mtu mgeni kabisa hajaletwa na barua, isipokuwa pale mteja anapoisambaza mwenyewe.

Na hilo hutokea. Dada mmoja niliyempiga picha ya CV aliipeleka barua yangu kuhusu mavazi ya picha za kazini kwa afisa utumishi wao. Wakaniita kupiga picha za wafanyakazi wote kwa ajili ya vitambulisho na tovuti. Walichotaka kwanza ni profoma (ankara ya awali), TIN (namba ya mlipa kodi) na uhakika kwamba nitatoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Nilijibu siku hiyohiyo, nikamwandikia yule dada kumshukuru, na picha ya mwanawe ya mwaka huu sikumtoza.