Siku hizi nalala nyumbani, asante shanga

Mnaoniuliza mbona sikuhizi sikeshi tena labu, jibu ni shanga. Sio za kiunoni jamani, ni vichembe vya agarosi (jeli ya mwani) vilivyobandikwa tripsini, kile kimeng'enya cha kukatia protini kabla hujazipeleka kwenye masi spektrometa, mashine ya kupima uzito wa molekuli.

Zamani ilikuwa hivi, unaikunjua protini kwa yurea, unavunja vifungo vya salfa kwa kemikali ya DTT, unaweka iodoasetamaidi ya kuzuia vifungo visirudi, gizani dakika 30, unaizimua yurea, ndo unatia tripsini kiduchu, sehemu 1 kwa 50 hivi za protini, nyuzi 37, usiku kucha. Na usifikiri ni ubahili, tripsini nayo ni protini, inakata penye asidi amino za laisini na arginini (isipokuwa mbele yake kukiwa na prolini) na yenyewe inazo hizo hizo, ukijaza nyingi inajitafuna, asubuhi unafungua spektra, ile chati ya uzito wa vipande, unakuta vilele vya 842.5 na 2211.1 vimejikalia kama wenye nyumba. Hao ni vipande vya tripsini ya nguruwe, sampuli yako hata haihusiki.

Sasa ikigandishwa kwenye shanga haifikiani kirahisi na mwenzake, so unajaza utakavyo, na wingi huo ndo unaoleta spidi. Albumini ya ng'ombe naimaliza nusu saa, nazungusha kwenye sentrifyuji, shanga zinakaa chini napipeti maji ya juu.

Ila hapo kwenye kupipeti ndo niliumbuka. Siku ya kwanza nilizamisha ncha mpaka chini, nikabeba na shanga, nikapeleka kwenye mashine yenye kolamu (bomba jembamba la kupitishia sampuli) ya mikroni 75 kwa ndani wakati shanga nyingine ni nene kuliko hiyo. Presha ikapanda mpaka pampu ikajizima, na foleni ya watu nyuma yangu, acha tu. Sasa hivi nachuja kwanza, na chini naacha tone bila uchungu.

Kitu kingine, tyubu itikiswe muda wote. Ukiiacha imesimama shanga zinatuama, protini inabaki juu peke yake, unapata mapande marefu yenye laisini mbili tatu katikati hazijaguswa.

Na sampuli ikiwa ndogo sana mi sizitumii, peptidi, yaani vile vipande vya protini, zinanata kwenye agarosi hazirudi. Jana mtu kaniletea mikrogramu 2 tu, ndo zote alizonazo. Nikatoa tripsini ya kawaida kwenye friza, nikatafuta lile shuka langu.